Swali, shilingi, jedwali au muswada binafsi: mbunge wenu apiganie usawa kwa njia ipi?

Kikundi cha wanawake, cha vijana au cha watu wenye ulemavu kikishapata mbunge wa kukisikiliza, ombi la kwanza huwa lilelile: "Mheshimiwa, ukatusemee bungeni." Mbunge anakubali, anasimama, anasema kwa uchungu, makofi yanapigwa mezani, na kipande cha video kinazunguka kwenye simu wiki nzima. Baada ya miezi sita hakuna kilichobadilika, na kikundi kinaanza kumlaumu mbunge. Mara nyingi kosa lilianzia kwenye ombi lenyewe. Pale Dodoma, kwenye Bunge la Tanzania, njia za kusema ni nyingi, kila moja ina wakati wake na kanuni zake, na kila moja ina kitu inachoweza kuleta na kitu isichoweza kabisa.

Tunalinganisha njia hizo kwa jicho la mwenye jambo, yaani nyinyi mnaompelekea mbunge faili. Mfano tutakaourudia ni mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile isiyo na riba inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo la usawa na la utawala bora kwa pamoja, na linaonyesha vizuri njia ipi inafika wapi.

Kabla ya yote, amueni mnachotaka kibadilike. Mnataka taarifa ambayo Serikali inayo na haijaisema? Mnataka fedha zilizotengwa zitoke? Mnataka kodi ishuke? Au mnataka maneno ya sheria yabadilike? Hayo ni mambo manne yenye milango minne, na mbunge hawezi kuwachagulia mlango kama nyinyi wenyewe hamjaamua.

Swali au mchango?

Haki ya kuuliza inatoka kwenye Katiba yenyewe. Ibara ya 63 inampa mbunge haki ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Swali la kawaida hupelekwa kwa maandishi kwa Katibu wa Bunge, hupangwa kwenye Orodha ya Shughuli, na siku ya siku waziri au naibu wake husoma jibu lililoandaliwa wizarani. Muulizaji ana nafasi ya maswali mawili ya nyongeza. Wengine wakiruhusiwa na Kiti, yaani Spika au anayeongoza kikao, huuliza moja moja.

Nguvu ya swali ni kwamba jibu ni la Serikali. Limepita mikononi mwa wataalamu wa wizara, limesomwa ukumbini na limeingia kwenye Hansard, yaani Taarifa Rasmi ya Bunge. Waziri akitaja tarakimu hapo, hiyo ndiyo tarakimu ya Serikali, na mnaweza kuitumia mwaka mzima. Kwa sababu hiyo swali linafaa kuliko kitu kingine chochote pale mnapohitaji takwimu au tarehe.

Maswali mengi huharibika kwenye maneno yake. Swali linaloanza na "Je, Serikali ina mpango gani wa..." limemfungulia waziri mlango wa kutokea. Atasema Serikali inatambua umuhimu wa jambo hilo na italitekeleza kadri fedha zitakavyopatikana, naye atakuwa amejibu alichoulizwa. Linganisheni na swali hili: "Katika mwaka wa fedha uliopita, halmashauri ngapi zilitenga asilimia 10 kamili ya mapato ya ndani yasiyolindwa, na ngapi hazikutenga?" Hapo lazima itajwe namba, au ionekane wazi kwamba haikutajwa. Neno "yasiyolindwa", yaani mapato ambayo hayajafungwa kwa matumizi maalum, lina kazi kubwa humo. Bila hilo, halmashauri inaweza kupiga hesabu yake kwa namna moja na nyinyi kwa namna nyingine, na mbunge wenu ataambiwa amepotosha.

Ajira za watu wenye ulemavu zinafuata mkondo huohuo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Msiulize Serikali "inawasaidiaje". Ulizeni wizara fulani ina watumishi wangapi, na kati yao wenye ulemavu ni wangapi. Swali la nyongeza la kwanza liulize wakaguzi wa kazi wamewachukulia hatua waajiri wangapi, la pili liulize tarehe. Maswali ya nyongeza yaandikwe kabla, katika sura mbili: moja kama jibu ni zuri, nyingine kama jibu ni baya. Lazima yazaliwe na jibu la msingi, vinginevyo Spika atayakataa.

Maswali ya papo kwa hapo kwa Waziri Mkuu, yale ya Alhamisi, ni kitu tofauti. Waziri Mkuu hapewi swali mapema, kwa hiyo msitegemee takwimu. Yanafaa kwa jambo la sera linalogusa wizara zaidi ya moja, ambapo kila waziri anamtupia mwenzake. Agizo la Waziri Mkuu likitoka hapo, wizara zote husikia siku hiyohiyo.

Mchango ni kinyume cha swali kwa karibu kila kitu. Hauna jibu la lazima. Waziri anapohitimisha hoja yake huchagua ya kujibu, na mengine husema atayajibu kwa maandishi. Lakini mchango una nafasi ya kujenga hoja: hali ilivyo, sheria inasemaje, pengo liko wapi, kifanyike nini. Tena Ibara ya 100 inalinda uhuru wa majadiliano, kwa hiyo mbunge anaweza kusema ukumbini jambo ambalo nyinyi mkilisema hadharani mngepelekwa mahakamani. Huo ni ulinzi wa thamani kubwa kwa mambo ya utawala, hasa ubadhirifu.

Muda ndio huua michango. Kwa kawaida ni dakika 10, na wachangiaji wakiwa wengi hushuka hadi 5. Shukrani kwa Mungu, kwa Rais, kwa Spika, kwa wapiga kura na kwa familia zinakula dakika mbili. Taarifa za wabunge wenzake wanaomkatiza zinakula nyingine. Mbunge anafika kwenye jambo lenu kengele ya kwanza imeshagongwa. Mwandalieni kurasa mbili tu, zenye jambo moja, na ombi la mwisho liandikwe juu kabisa ya ukurasa wa kwanza ili alisome hata akikatizwa. Mbunge aliyebeba mambo manane kwa dakika saba hajabeba hata moja.

Kuna njia ndogo ambayo vikundi vingi havijui, nayo ni mchango wa maandishi. Mbunge aliyekosa nafasi ya kusimama anaweza kuwasilisha mchango wake kwa karatasi, na huingizwa kwenye Taarifa Rasmi pamoja na ya mdomo. Hakuna kamera wala makofi, lakini hapo mnaweza kuweka jedwali la takwimu za kata kwa kata na nukuu ya kifungu neno kwa neno. Kwa jambo la kitaalamu, sisi tungechagua maandishi kabla ya mdomo.

Kushika shilingi: ahadi kwa bei gani?

Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge linajadili bajeti wizara kwa wizara. Mjadala ukiisha, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi na kupitisha mafungu. Linapofika fungu lenye mshahara wa waziri, mbunge anaweza kusimama, akaomba ufafanuzi wa jambo la sera, na asiporidhika akatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo. Wenzake wakimuunga mkono, mjadala mfupi unafunguliwa. Mara nyingi waziri hutoa ahadi, mbunge anasema "narudisha shilingi", na fungu linapita.

Shilingi na mchango zikilinganishwa, shilingi inashinda kwa jambo moja: waziri hawezi kunyamaza. Lazima ajibu hapohapo, mbele ya Bunge zima, kuhusu jambo moja. Ndiyo maana ahadi nyingi zenye maneno yaliyonyooka hutoka kwenye shilingi.

Nayo hukwama kwa sababu tatu zinazojirudia. Ya kwanza, mbunge anashika shilingi kwa daraja la kijijini kwake au kisima kimoja, wakati hapo panatakiwa sera. Kiti kitamkatisha. Ya pili, muda wa kamati ukiisha mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa pamoja bila mjadala, kwa hiyo aliyejiandaa kwa fungu la mbele anaweza asifikiwe kabisa. Ya tatu, na hii inaumiza zaidi, mbunge anakwenda kwenye wizara isiyohusika. Mikopo ya asilimia 10 ni mfano halisi. Watu wengi huipeleka kwenye bajeti ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, Fungu 53, kwa kuwa jina la wizara linawataja. Lakini fedha zinakusanywa na kutengwa na halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Fungu 56. Bajeti ya TAMISEMI kwa desturi husomwa mapema Aprili, mara baada ya ile ya Waziri Mkuu. Anayesubiri Mei ajue gari limeshaondoka.

Mkiamua kwa shilingi, mwandikieni mbunge sentensi ya kumrudishia: "Nitarudisha shilingi waziri akisema ifikapo tarehe fulani atafanya jambo fulani." Asipokuwa na sentensi hiyo, ataridhika na "tumelipokea".

Jedwali la marekebisho au muswada binafsi?

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo tunapoona nguvu nyingi zikipotea.

Vikundi hupenda muswada binafsi kwa sababu una jina la mbunge na unaonekana kama ushindi kamili. Ni haki ya mbunge kuuleta. Lakini ukiangalia unachohitaji, utaona mlima. Mbunge hana idara ya waandishi wa sheria kama aliyonayo Mwanasheria Mkuu. Muswada unapita kusomwa mara ya kwanza, kamati, mara ya pili, Kamati ya Bunge Zima, mara ya tatu, kisha kibali cha Rais, na ratiba yote hiyo inashindana na shughuli za Serikali ambazo ndizo zinazojaza Orodha ya Shughuli. Juu ya yote kuna Ibara ya 99 ya Katiba. Bunge haliwezi kushughulikia jambo linalotoza au kuongeza kodi, wala linaloongeza matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, mpaka pendekezo litoke kwa Rais kupitia waziri. Muswada binafsi unaosema "kuanzishwe mfuko wa kuwawezesha wanawake, na Serikali itenge fedha" umekufa kabla ya kusomwa.

Sasa someni ibara hiyohiyo kwa makini zaidi. Kwenye kodi imeacha mwanya mmoja: kupunguza. Mbunge anaweza kupendekeza kodi ishuke. Mwanya huo unampeleka moja kwa moja kwenye Muswada wa Sheria ya Fedha wa mwezi Juni, na chombo chake ni jedwali la marekebisho.

Jedwali ni karatasi fupi. Linawasilishwa kwa maandishi kabla Bunge halijakaa kama Kamati ya Bunge Zima, na lina sura yake: muswada ufanyiwe marekebisho katika kifungu fulani, kwa kufuta maneno fulani na badala yake kuweka maneno fulani. Hakuna hotuba ndani yake. Muswada tayari ni wa Serikali, tayari uko kwenye ratiba, na mwisho wake unajulikana kwa sababu mwaka mpya wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mnachofanya ni kudandia gari linalosafiri.

Ile asilimia 10 yenyewe iliingia kwenye sheria kwa gari hilo. Kwa miaka mingi ilikuwa agizo la Serikali, na halmashauri zilitenga au hazikutenga zilivyopenda. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha iliongeza kifungu cha 37A kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kikaifanya kuwa lazima, na kanuni zake zikatangazwa 2019. Hapo ndipo mkaguzi alipopata kitu cha kuwapimia wakurugenzi. Hata hivyo, sheria peke yake haikulinda fedha: ripoti za ukaguzi zilionyesha vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, utoaji ukasimamishwa Aprili 2023, na ukarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Katika miezi hiyo ya kusimama, akina mama waliokuwa wanarejesha kwa wakati walikosa mtaji kwa makosa ya wengine.

Jedwali lina hatari yake kubwa: kinachopatikana upesi kinaweza kuondoka upesi. Taulo za kike ni ushahidi. Baada ya wabunge wanawake kuzungumzia jambo hilo kwa miaka, Sheria ya Fedha ya 2018 ilisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) kwenye taulo hizo. Bei dukani haikushuka kama ilivyotarajiwa. Mwaka uliofuata, 2019, Serikali iliirudisha kodi hiyo, ikaeleza kuwa mlaji hakunufaika, na badala yake ikashusha kodi ya mapato ya kampuni kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili kwa wawekezaji wapya wa viwanda vya taulo.

Sababu iko kwenye neno "kusamehe", na kila anayeandaa jedwali la kodi anapaswa kulijua. Bidhaa iliyosamehewa haitozwi VAT ya asilimia 18 mteja anaponunua, lakini mzalishaji hawezi kudai kurudishiwa VAT aliyolipa kwenye pamba, plastiki, umeme na usafirishaji. Gharama hiyo anaibeba, na anaiingiza kwenye bei. Bidhaa inayotozwa kwa kiwango cha sifuri ni tofauti: mteja hatozwi, na mzalishaji anarudishiwa. Maneno mawili yanayofanana sokoni, matokeo mawili tofauti kiwandani. Zaidi ya hapo, zilihitajika bei za dukani za kabla ya Julai 2018 na baada yake, mkoa kwa mkoa, ili kumjibu waziri alipokuja na hoja ya bei. Aliyeshinda Juni anatakiwa aanze kukusanya ushahidi Julai.

Je, muswada binafsi haufai kamwe? Unafaa, na mfano mzuri uko Kenya (wenyewe huandika "mswada"). Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 ililetwa na Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa, kama mswada binafsi. Bunge hilo lilikuwa na wabunge 222 wa kuchaguliwa na kuteuliwa, na wanawake 18 tu kati yao. Mjadala ulikuwa mkali hadi wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi kwa kauli ya mwenzao mmoja kuhusu wanawake wa Kiafrika. Mswada ulipita kwa sababu ulihusu makosa na adhabu, haukuomba fedha, na kwa sababu mwenyewe alikubali kukatwa. Kipengele cha ubakaji ndani ya ndoa kiliondolewa. Kikaongezwa kifungu cha 38, kilichomtishia mlalamikaji adhabu kama madai yake yangeonekana ya uongo. Kifungu hicho kilifutwa baadaye, 2012. Kwa hiyo mkichagua njia hii, kaeni chini mapema na kuandika orodha mbili: vifungu msivyoweza kuviachia, na vile mnavyoweza kuviachia ili vingine vipone. Msisubiri kuamua hayo kwenye korido ya Bunge.

Ushauri wetu kwa Tanzania uko wazi: kama kuna muswada wa Serikali unaogusa sheria yenu ndani ya mwaka, pelekeni jedwali. Muswada binafsi uwe wa sheria fupi, isiyogusa Hazina, ambayo Serikali haijaonyesha nia ya kuigusa.

Tahadhari moja ya uandishi. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, lakini sheria nyingi za zamani ziliandikwa kwa Kiingereza na zimerekebishwa mara nyingi. Hakikisheni mnanukuu toleo linalotumika leo. Jedwali lenye namba ya kifungu iliyokwisha hamishwa huondolewa bila kujadiliwa, na mbunge wenu huaibika bure.

Hoja binafsi au kamati?

Hoja binafsi haitungi sheria. Inaliomba Bunge lipitishe azimio: iundwe kamati teule, Serikali ilete taarifa, jambo fulani lichunguzwe. Inafaa kwa jambo kubwa la utawala ambalo halina muswada wala fungu moja la kulibeba.

Tatizo lake ni hesabu ya kura. Serikali ikiwa na wabunge wengi, hoja inaweza kukataliwa au kubadilishwa maneno hadi mwenyewe asiitambue. Agosti 2007 mbunge wa upinzani Zitto Kabwe aliomba uchunguzi wa mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Hoja ilikataliwa na yeye akasimamishwa. Lakini Novemba mwaka huohuo Rais aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya Jaji Mark Bomani, na Sheria mpya ya Madini ikatungwa 2010. Mapema 2013 mbunge James Mbatia alileta hoja juu ya udhaifu wa elimu na mitaala, ikashindwa. Majuma machache baadaye yakatoka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, ambapo takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri, na Waziri Mkuu akaunda tume ambayo Mbatia mwenyewe aliwekwa ndani yake. Hoja iliyoshindwa kwa kura inaweza kushinda nje ya ukumbi, ikiwa ina hati na imesemwa kabla tatizo halijalipuka.

Kamati ni ya utulivu zaidi, na kwa fedha za umma tunaiamini kuliko hoja. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hukabidhiwa Rais mwishoni mwa Machi na kufika bungeni Aprili. Kamati ya Hesabu za Serikali na ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa huita maofisa masuuli, yaani watendaji wanaowajibika kwa fedha za taasisi, na kuwahoji kwa karatasi. Suala la akaunti ya Tegeta Escrow, iliyowekewa fedha za mgogoro wa malipo ya umeme, lilisikika kwanza kama mchango wa mbunge mmoja, David Kafulila, mwaka 2014. Lilipata meno lilipokwenda kwa wakaguzi na kurudi Novemba kama taarifa ya Kamati ya Hesabu za Serikali, likihusu zaidi ya shilingi bilioni 300. Ndani ya miezi miwili Mwanasheria Mkuu na mawaziri wawili walikuwa nje ya ofisi. Mchango ule uliwasha moto, lakini kuni zilikuwa ni ripoti ya mkaguzi.

Kwa asilimia 10, basi, faili lenu lifike kwenye Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa kabla halmashauri yenu haijaitwa. Mpeni mjumbe majina ya vikundi, tarehe za maombi na barua za majibu. Na kama kero yenu iko kwenye kanuni za waziri au sheria ndogo ya halmashauri, iko Kamati ya Sheria Ndogo, ambayo watu wengi huisahau.

Kuhusu maombi ya wananchi kwa Bunge, Wakenya wamebarikiwa zaidi: Ibara ya 119 ya Katiba yao ya 2010 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni. Kwetu njia hiyo ipo kwenye Kanuni kwa kupitia mbunge, nayo hutumika kwa nadra.

Palipo na hesabu ya kura, hotuba haitoshi

Mambo mengine ya usawa yanahitaji kubadili Katiba, na hapo ulinganisho wote wa hapo juu unabadilika. Kenya ina kanuni kwamba watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Mswada wa kuitekeleza bungeni ulihitaji kura 233 kati ya wabunge 349. Aprili 2016 ulipata 195. Uliporudishwa Mei ulipata 178. Februari 2019 mswada mwingine wa aina hiyo haukufika hata kwenye kura kwa sababu waliokuwa ukumbini walikuwa 174. Hotuba za kuunga mkono zilikuwa nyingi na nzuri. Wabunge hawakuwepo. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo.

Kwetu Ibara ya 98 nayo inadai theluthi mbili, na kwa mambo fulani theluthi mbili ya wabunge wa Bara na ya wabunge wa Zanzibar kwa kutengana. Kikundi kinachotaka jambo la aina hiyo kisitafute msemaji hodari. Kitafute watu wa kupiga simu usiku wa kuamkia kura, wakiwa na orodha ya majina na tiki pembeni.

Nani ashike faili, na ndani yake kuwe na nini

Mbunge wa viti maalum au wa jimbo? Wa jimbo ana Mfuko wa Jimbo, na wa viti maalum hana. Kwa fedha ndogo za mradi, mwendeeni wa jimbo. Kwa hoja ya usawa, angalieni kwanza yuko kamati gani. Mjumbe wa Kamati ya Bajeti ana thamani kubwa zaidi mwezi Juni kuliko mbunge rafiki asiye na nafasi humo. Kumbukeni pia kwamba wabunge huingia kwenye mabaraza ya madiwani, na asilimia 10 ya kwenu inatengwa huko, si Dodoma.

Faili liwe na nakala za hati, sio simulizi. Mbunge akitoa tuhuma ukumbini anaweza kutakiwa athibitishe au afute kauli. Akiwa hana karatasi atafuta, na jambo lenu litakuwa limefutwa pamoja nayo. Wekeni ukurasa mmoja wa muhtasari, kifungu cha sheria kilichonukuliwa kamili, nyaraka zenye tarehe na mihuri, na hesabu iliyopigwa. Kwa halmashauri yenye mapato yasiyolindwa ya shilingi bilioni 2, kwa mfano, andikeni wazi: milioni 80 kwa wanawake, milioni 80 kwa vijana, milioni 40 kwa wenye ulemavu, na pembeni kiasi kilichotolewa kweli.

Kuna jambo moja ambalo limekwama kwenye karibu njia zote. Vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na 14 kwa idhini ya mahakama. Mahakama Kuu ilivitangaza kuwa kinyume cha Katiba 2016 katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019, na mwaka mmoja uliotolewa wa kurekebisha ukapita bila marekebisho. Kwa jambo la namna hii, hatungeanza na hotuba nyingine. Tungeanza na swali la tarehe: muswada utasomwa mara ya kwanza katika mkutano upi wa Bunge? Jibu lichukuliwe kwenye Hansard, likatwe, liwekwe kwenye faili pamoja na siku na jina la waziri. Mkutano huo ukifika bila muswada, mbunge huyohuyo au mwingine aombe nafasi kwenye bajeti ya Wizara ya Katiba na Sheria, asome jibu lile neno kwa neno, kisha Kamati ya Matumizi ikikaa ashike shilingi.